Mashine ya Kuchimbia Mtaro: Pima Kazi Kwanza

Ndugu mkulima, mashine ya kuchimba hukodiwa kwa saa. Usiichague kwa kutazama ukubwa wake. Pima kazi kwanza.

Huko Buxton, kisiwani Mombasa, ambako nyumba za zamani za manispaa zilianza kubomolewa mwaka 2021 ili yajengwe maghorofa, chini ni mwamba wa matumbawe. Mwamba huo wataka mashine nzito yenye nyundo. Je, shambani kwako? Chimba shimo kwa mtaimbo uone.

1. Kina. Mashine ndogo ya tani 2 hivi huchimba hadi kama mita 2. Kwa bomba la maji lililo chini mita 1, hiyo yatosha. Ile ya tani 20 hupita mita 6, ya nini?

2. Upana. Ndoo ya kuchimbia izidi bomba kidogo tu. Mtaro wa urefu mita 100, kina mita 1 na upana sentimita 45 hutoa udongo mita za ujazo 45. Kwa ndoo ya sentimita 90, utatoa 90. Utalipia kuchimba mara mbili, na kufukia mara mbili.

3. Njia. Pima lango na nafasi kati ya miti.

Tahadhari: udongo uwekwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtaro upitao mita 1.5 asiingie mtu kabla kuta hazijazuiwa kwa mbao. Kuta huporomoka ghafula, na udongo huua.

Zoezi: piga hesabu ya mtaro wako kabla ya kukodi.