Maji Yanapopanda Ukuta: Namna ya Kujenga Msingi Mkavu Pwani

Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Aliyeishi Kigamboni, Mbagala, Tanga mjini au Likoni anajua kwamba maji hayo hayo hupanda ukuta. Huanza kama kivuli chini ya rangi, jirani na sakafu. Masika yanayofuata kivuli kimefika usawa wa goti. Rangi inavimba, lipu inamumunyuka, na unga mweupe unachomoza kama chumvi iliyomwagwa. Fundi anaitwa, lipu mbovu inabanduliwa, mpya inapigwa, rangi inapakwa. Mwaka haujaisha, unga umerudi pale pale.

Nimeishi katika nyumba ya namna hiyo. Chumba kimoja tulikipaka rangi mara tatu kabla ya kukubali kwamba ugonjwa ulikuwa chini ya miguu yetu, mahali ambapo brashi haifiki. Tangu hapo kila anayeniambia anataka kujenga karibu na bahari namwambia neno moja: yape maji njia ya kuondokea kwanza, ndipo uyafungie njia ya kuingilia. Wengi wetu tunaanza na hilo la pili. Tunanunua dawa ya kuzuia maji kwa bei kubwa, kisha tunaacha paa zima limwage mvua yake kwenye kona ya msingi.

Maji huifikia nyumba kwa njia tatu. Yanashuka kutoka kwenye paa, yanakuja kwa pembeni juu ya ardhi, na yanapanda kutoka chini. Hii ya tatu ndiyo huwashangaza watu. Tofali na zege vina vitundu vyembamba mno, na maji huvutwa ndani yake kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili. Yakifika juu hukauka kwa joto na kuacha chumvi yaliyoibeba. Chumvi hiyo ikiganda huvimba, na ndiyo inayosukuma rangi na lipu zidondoke.

Kisome kiwanja wakati wa mvua

Nenda ukakague kiwanja Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Agosti kila kiwanja ni kizuri. Angalia alama za maji kwenye kuta za majirani. Mpe shikamoo mzee aliyekaa mtaani hapo miaka mingi, umuulize maji yaliwahi kufika wapi, naye atakuonyesha kwa mkono. Ukiona matete au ndago zimestawi, ujue maji hayako mbali.

Mabonde yaache. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waliokaa bonde la Msimbazi waliumia sana. Hakuna msingi wa nyumba ya kawaida unaoweza kushindana na mto uliorudi kwenye njia yake. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufuko wa bahari. Ipime kwa futi kamba kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza.

Kisha chimba shimo la mita moja na nusu na uliache usiku kucha. Asubuhi likiwa kavu, una nafasi nzuri. Likiwa na maji, pima kina chake kutoka usawa wa ardhi na uiandike namba hiyo. Mhandisi ataihitaji.

Ujue udongo unaokubeba

Chukua udongo wa chini ya shimo, uloweshe kidogo, uusokote mkononi uwe mwembamba kama penseli. Ukikatika katika mara moja, una mchanga mwingi. Mchanga ulioshikamana hubeba nyumba vizuri na hupitisha maji upesi, ila huchukuliwa na maji yanayokimbia. Ukisokoteka na kupinda bila kukatika, huo ni mfinyanzi: hushika maji kwa muda mrefu.

Mbaya zaidi ni udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga, wa tambarare za Kano na wa Athi River. Wakati wa mvua huvimba, kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Nyumba iliyokaa juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zipasuke kwa mshazari kutoka kona za madirisha. Ukikutana nao, ama uondolewe wote mpaka ardhi ngumu na nafasi yake ijazwe moramu iliyoshindiliwa, ama mhandisi achore msingi wa zege uliosukwa nondo chini ya nyumba nzima. Hapa usibanie pesa ya mhandisi.

Mtaro, mchanga na zege

Chimba mpaka ufikie ardhi ngumu isiyo na mizizi wala taka. Kwa nyumba ya chini isiyo ya ghorofa, kwenye udongo mzuri, hiyo huwa karibu mita moja. Chini ya mtaro mwaga zege jembamba la sentimita 5 ili nondo zisilale kwenye matope. Zinyanyue kwa vipande vidogo vya zege, ili pande zote zifunikwe kwa sentimita 5 au zaidi. Nondo inayogusa udongo wa chumvi huanza kushika kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.

Mchanga ndio kiini cha ubishi kati ya mwenye nyumba na dereva wa lori. Mchanga wa ufukweni ni marufuku kwenye zege la nondo, na maji ya bahari pia. Weka punje ulimini. Ukisikia chumvi, rudisha lori. Kisha jaza mchanga nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi sehemu moja kati ya kumi na mbili, mchanga huo ni mchafu: uoshwe au ukataliwe.

Vipimo visiwe vya beleshi. Beleshi la asubuhi hujaa, la saa tisa mchana huja nusu. Tumia ndoo ya lita 20. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mchanganyiko wa 1:2:4 unataka ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umeloa yapunguzwe. Vibarua hupenda zege la uji kwa sababu ni jepesi kumwaga. Lakini kila tone la ziada likikauka huacha kitundu, na vitundu hivyo ndivyo tambi za kesho.

Ukuta wa chini ya ardhi

Tumia tofali zisizo na matundu. Wengi hulaza tofali za inchi 6 ili ukuta wa msingi uwe na unene wa inchi 9, na ni desturi njema. Kabla ya kununua, kwaruza tofali kwa msumari. Likichimbika kama biskuti, mfuko mmoja ulinyooshwa ukatoa tofali nyingi kupita kiasi. Udongo (mota) wa kujengea ujae viungo vyote, vya kulala na vya kusimama. Kiungo kilicho wazi ni mlango wa maji.

Juu ya kozi za mwisho funga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote. Ardhi ikizama kidogo upande mmoja, mkanda huo huifanya nyumba ishuke kwa pamoja badala ya kupasuka. Baada ya hapo piga lipu laini upande wa nje wa ukuta wa msingi, uache ukauke, kisha upake lami ya maji mikono miwili, wa pili ukipita kwa kukatiza wa kwanza. Usirudishe udongo mpaka lami imekauka kabisa.

Kujaza ndani, nailoni na kizuizi cha ukutani

Kifusi cha kujazia kisiwe na mbao, mizizi wala karatasi, maana huko ndiko mchwa hupata mwaliko. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze nyingine. Anayejaza yote kwa siku moja na kushindilia juu tu atakuja kuona sakafu ikititia na kulia kama ngoma.

Tabaka la juu liwe mawe au kokoto kubwa za sentimita 10 hadi 15. Nafasi kati ya mawe ni pana mno kwa maji kuvutwa juu, kwa hiyo utambi unakatika hapo. Tandaza mchanga wa sentimita 5 ili ncha za mawe zisitoboe, kisha nailoni nzito, maikroni 250. Vipande vipishane sentimita 30 na vifungwe kwa utepe. Pembeni nailoni ipande mpaka juu ya ukuta wa msingi. Mabomba yawe yamekwisha kupita, na kila yanapotoboa, pazungushiwe utepe. Simama hapo mwenyewe siku hiyo. Toroli moja ikipita juu ya nailoni bila ubao, kazi yote imeharibika na hakuna atakayekwambia.

Kwenye ukuta weka kizuizi cha unyevu, ile karatasi ya plastiki au ya lami ambayo mafundi huiita dipisi. Ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, ivuke unene wote wa ukuta, ipishane sentimita 10 kila inapoungwa, na ikutane na nailoni ya sakafu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni lipu ya nje iliyoshushwa juu ya kizuizi mpaka ardhini. Maji huikwepa karatasi na kupanda kupitia lipu. Lipu ikome kwenye mstari wa kizuizi.

Jamvi la zege lisipungue sentimita 10, na uso wa sakafu uzidi ardhi ya nje kwa sentimita 45 au zaidi, au uvuke alama ya mafuriko uliyoonyeshwa na mzee. Limwagilie maji au lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba angalau. Upepo wa bahari na jua la Januari hulikausha zege kabla halijakomaa.

Uyatoe maji nje

Piga hesabu hii. Paa la mita za mraba 100 likipokea mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000, yaani tangi kubwa zima limemwagwa kando ya ukuta wako kwa siku moja. Mifereji ya paa basi ni sehemu ya msingi. Iweke, uelekeze maji kwenye tangi au kwenye shimo la mawe lililo mita 5 kutoka kwenye ukuta. Shimo la choo nalo likae mbali, upande wa mteremko.

Kuzunguka nyumba mwaga aproni ya zege yenye upana wa mita moja, ikiinama kwenda nje, na baada yake ardhi iendelee kushuka: sentimita 15 ndani ya mita 3 zinatosha. Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe walilijua hili. Baraza za mawe mbele ya nyumba zao ni mahali pa mazungumzo, na mvua ikinyesha huwa njia ya kupitia juu ya maji ya kichochoro, huku zikiukinga mguu wa ukuta. Kuta zao za matumbawe na chokaa hupumua pia. Ukirithi nyumba ya namna hiyo usiifunike kwa lipu ya saruji, maana unyevu ulio ndani utakosa pa kutokea.

Nyumba ikiwa imekwisha simama

Tunafundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila ufa unaotoka kwenye msingi ukizibwa bila kuuliza maji yanatoka wapi, utafunguka tena masika yajayo. Fuata mpangilio huu, kwa kuwa unaanza na yasiyo na gharama kubwa. Kwanza shusha udongo uliorundikana ukutani, pamoja na vitanda vya maua. Pili rekebisha mifereji na mteremko. Tatu kagua bomba linalovuja chini kwa chini: funga mabomba yote usiku, usome mita, kisha uisome tena asubuhi. Ndipo ubandue lipu iliyooza mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, uache ukuta ukauke kwa miezi, na upige lipu ya chokaa. Kama unyevu bado unapanda, mwite fundi mwenye uzoefu aingize kizuizi kipya, akikata ukuta vipande vifupi kwa zamu.

Ukishamaliza yote, subiri mvua kubwa ya kwanza. Vaa koti la mvua na uizunguke nyumba taratibu, kona kwa kona. Tazama maji yanakotoka, yanakopita na yanakosimama. Palipo na dimbwi karibu na ukuta chomeka kijiti. Mvua ikikatika rudi na jembe, uanze kazi kwenye vijiti hivyo kabla rangi haijaanza kuvimba.