Kwa nini lambo hufuka alfajiri?

SWALI: Mwezi wa Julai nikipeleka ng'ombe kunywa maji alfajiri, nakuta lambo linafuka kama uji ulioepuliwa sasa hivi. Maji nikiyagusa ni vuguvugu. Moshi huo unatoka wapi? – Msomaji, Bariadi.

JIBU: Ni ukungu, na mkono wako umeshakupa nusu ya jibu. Maji hupoa polepole kuliko nchi kavu. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, ardhi hupoteza joto haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka hadi bondeni lilipo lambo. Mvuke unaotoka kwenye maji yenye joto la jana hukutana na baridi hiyo na kugeuka matone madogo mno yanayoelea. Chutama utazame: utaona vijinyuzi vyeupe vikijisokota juu tu ya maji, kisha vinapotelea kwenye hewa kavu. Jua likipanda, ukungu umekwisha.

Hali hii inaweza kutokea hata Ziwa Victoria, kule Busega kwenye Ghuba ya Speke, kwani usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani. Wavuvi, nawasihi: ukungu ukitanda, washeni taa na punguzeni mwendo. Mtumbwi usio na taa hauonekani mpaka uwe umeufikia.