Je, Simu Yako Inaweza Kuwasiliana na Setilaiti?

Katika baadhi ya maduka ya simu mnunuzi huambiwa kwamba simu fulani "inashika setilaiti", na kwamba ndiyo sababu bei yake iko juu. Kauli hiyo si uongo mtupu, wala si ukweli kamili. Kwa mtu aliyeweka akiba ya miezi kadhaa, tofauti kati ya hayo mawili ni fedha. Kwa mvuvi wa Kilindoni anayevuka mlango wa bahari wa Mafia usiku, au dereva anayekatiza pori lisilo na mnara hata mmoja, tofauti hiyo yaweza kuwa uhai wake. Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo imefika wapi na mtumiaji ajiulize nini kabla ya kulipa.

Kwanza tuondoe mikanganyiko miwili. Simu janja karibu zote hupokea ishara za setilaiti za GPS, zinazozunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Lakini hupokea tu, kama redio inavyopokea taarifa ya habari bila msikilizaji kuweza kumjibu mtangazaji. Setilaiti hizo hazijui kama wewe upo. Ndiyo maana ramani ya simu inaweza kukuonyesha nukta yako katikati ya Ziwa Tanganyika, ilhali hakuna mtu mwingine duniani anayeiona. Mkanganyiko wa pili ni wa dishi. Huduma ya Starlink iliyoanza kuuzwa nchini Kenya mwaka 2023 hutumia antena bapa inayofungwa mahali pa wazi na kuunganishwa na umeme. Simu hupata intaneti kutoka kwenye kifaa cha Wi-Fi kilicho ndani ya nyumba. Dishi ndilo linalowasiliana na setilaiti. Simu haiwasiliani nayo.

Ugumu uko wapi

Simu ya mkononi ni kifaa dhaifu kwa makusudi. Hurusha mawimbi kwa nguvu isiyozidi sana sehemu ya tano ya wati moja, ili betri idumu na mwili wa mtumiaji usidhurike. Nguvu hiyo hutosha kufikia mnara ulio kilomita chache. Sasa fikiria setilaiti iliyo kilomita 500 juu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Kwa hiyo ukilinganisha mnara wa kilomita 5 na setilaiti ya kilomita 500, umbali umezidi mara 100 na nguvu imeshuka hadi sehemu moja ya 10,000. Ongeza bati la nyumba, majani ya miembe au paa la gari, na kidogo kilichobaki hupotea.

Kwa kuwa simu haiwezi kuongezewa nguvu, kazi yote huhamia angani: antena ya setilaiti ndiyo inayolazimika kuwa kubwa. Setilaiti ya majaribio ya BlueWalker 3, iliyorushwa Septemba 2022 na kampuni ya AST SpaceMobile, ilikunjua antena ya mita za mraba 64, takriban eneo la chumba cha darasa. Mwezi Aprili 2023 ilitumika kupiga simu ya sauti kutoka Texas hadi Japani kwa Samsung Galaxy S22 ya kawaida, isiyobadilishwa chochote. Swali la kama jambo hili linawezekana lilijibiwa siku hiyo.

Swali lililobaki ni la wingi. Setilaiti ya kimo hicho husafiri zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, hivyo huonekana kwa dakika chache kisha huzama upeoni na nyingine lazima ishike zamu. Huduma isiyokatika huhitaji makumi au mamia ya setilaiti. Starlink ilirusha 6 za kwanza za aina hii Januari 2024 na baadaye ikafikisha zaidi ya 600. Aidha, eneo ambalo mwali mmoja wa setilaiti hulihudumia lina upana wa makumi ya kilomita, na wote waliomo hugawana uwezo ambao mjini ungegawanywa kwa minara mingi. Hiyo ndiyo sababu huduma hizi huanza na ujumbe mfupi. Ujumbe ni mdogo, na unaweza kusubiri. Video haisubiri.

Ahadi na huduma ni vitu viwili

Historia ya sekta hii inamtaka mnunuzi awe na subira. Iridium ilianza kuuza huduma ya simu za setilaiti mwishoni mwa mwaka 1998, ikiwa na setilaiti 66 na uwekezaji wa takriban dola bilioni 5. Agosti 1999 iliomba kinga ya mufilisi, na mali zake ziliuzwa kwa takriban dola milioni 25. Setilaiti zilifanya kazi vizuri. Wateja hawakutosha, kwa kuwa simu ilikuwa nzito, ghali na haikufaa ndani ya nyumba. Wamiliki wapya waliifufua, na ipo hadi leo. Januari 2023 Iridium na Qualcomm zilitangaza mpango wa kuweka huduma hiyo ndani ya simu za Android. Kabla ya mwaka kwisha mpango ulivunjwa, kwani watengenezaji wa simu hawakuuingiza katika bidhaa zao.

Iliyofika mikononi mwa watu ni huduma ya dharura ya iPhone 14. Kuanzia Novemba 2022 wateja wa Marekani na Kanada waliweza kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za Globalstar. Simu huuliza maswali mafupi, humwonyesha mtumiaji upande wa kuielekeza, kisha hurusha maandishi yaliyobanwa. Chini ya anga wazi ujumbe huchukua kama sekunde 15. Chini ya miti waweza kuzidi dakika moja. Nchini China, Huawei Mate 60 Pro ya mwaka 2023 hupiga simu za sauti kwa setilaiti ya Tiantong. Na Julai 2025 kampuni ya T-Mobile ya Marekani ilifungua rasmi huduma ya ujumbe kwa setilaiti za Starlink kwa simu nyingi ambazo wateja walikuwa nazo tayari. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi hapa kwetu, kwa sababu haimlazimu mwananchi kununua simu ya kifahari.

Kwa nini simu iwe na uwezo na huduma isiwepo

Masafa ya redio hutolewa kwa leseni ya kila nchi. Setilaiti inayozungumza na simu ya kawaida hutumia masafa ya kampuni ya simu iliyoko chini, na mwali wake hautambui mpaka: ukishuka juu ya Kigoma, waweza kumwagikia Burundi na Kongo, ambako masafa yale yale ni ya mtoa huduma mwingine. Marekani iliweka kanuni zake za jambo hili Machi 2024. Mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliagiza uchunguzi utakaojadiliwa katika mkutano wa mwaka 2027. Hivyo simu iliyonunuliwa ng'ambo, yenye alama ya setilaiti kwenye kioo, haileti huduma hiyo mfukoni. Hadi mwishoni mwa mwaka 2025 huduma ya dharura ya iPhone ilikuwa haijafunguliwa katika nchi yoyote ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kulipa

Mwulize muuzaji jina la kampuni inayotoa huduma ya setilaiti kwa simu hiyo, na kama huduma hiyo imefunguliwa katika nchi utakayoitumia. "Inakuja" si jibu. Usilipe leo kwa ajili yake. Uliza pia kama ni ya ujumbe pekee au na sauti, ni ya bure kwa muda gani, na baada ya muda huo ni kiasi gani. Akikuhakikishia kuwa ipo, mwombe aiandike kwenye risiti pamoja na aina kamili ya simu. Risiti hiyo ndiyo itakayotazamwa kwanza ukileta malalamiko.

Wasafiri wakumbuke kwamba simu maalumu za setilaiti, kama za Iridium na Thuraya, ni halali katika nchi moja na kosa katika nyingine. India, kwa mfano, huzuia kuingia nazo bila kibali.

Wanaofanya kazi baharini wasiache redio ya VHF bandarini kwa kutegemea simu. Wito wa dharura katika chaneli 16 husikika kwa vyombo vyote vya karibu vinavyoisikiliza, na aliye karibu ndiye anayewahi kufika. Mwenye chombo anayeweza kumudu zaidi afikirie kifaa cha kutoa ishara ya dharura cha megahezi 406, kinachopokelewa na mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioanza kuokoa watu tangu mwaka 1982. Hakina ada ya mwezi, lakini lazima kisajiliwe kwa jina la mwenye chombo na betri yake ibadilishwe kabla ya tarehe iliyoandikwa ubavuni.

Simu nayo ichukuliwe, ikiwa imejaa chaji na kufungwa ndani ya mfuko usioingiza maji: karibu na pwani mnara bado huifikia.