Vita vya Ulaya, Tanuru la Atomu na Taa ya Kiandutu

SOMO LA JUMA

Katika mtaa wa Kiandutu, kandokando ya mji wa Thika, nyumba nyingi ni za mabati zilizosongamana, na wako wenyeji ambao hata leo huwasha taa au jiko la mafuta ya taa. Mafuta hayo hayachimbwi Thika, wala Mombasa. Huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na bei yake hufuata bei ya ulimwengu. Mwezi wa Februari mwaka 2022 lita moja ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa shilingi 103 na senti 54. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo ilifika shilingi 147 na senti 94. Sababu hazikuwa moja tu, maana Serikali ilikuwa imepunguza fedha ilizokuwa ikitoa ili bei isipande. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa vita vilivyoanza tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoingia nchi ya Ukraine.

Wengi wameuliza: Yawezekanaje vita vya watu wa mbali vimpandishie bei mtu wa Thika? Na mbona katika habari za vita hivyo hutajwa kila mara kituo cha atomu? Somo hili laeleza mambo hayo, na mwisho latazama mpango wa Kenya yenyewe wa kujenga kituo cha namna hiyo.

Jinsi tanuru la atomu linavyofanya kazi

Kituo cha umeme wa atomu si kitu cha ajabu kama wengi wadhanivyo. Katika mtambo wa mvuke wa kawaida makaa huchemsha maji, mvuke huzungusha gurudumu, na gurudumu hutoa umeme. Katika kituo cha atomu mambo ni yaleyale, ila mahali pa makaa pana madini ya urani, ambayo chembe zake zikipasuliwa hutoa joto jingi sana.

Urani ndiyo iliyotumika pia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe katika Katanga, nchi ya Kongo. Lakini urani ya vituo vya umeme haikusafishwa kwa kiasi cha kuweza kulipuka kama bomu. Hatari yake ni nyingine, nayo yafaa ifahamike vizuri.

Mtu akizima gari, injini husimama. Tanuru la atomu likizimwa, kazi ya kupasua chembe husimama, lakini joto halikomi. Ni kama makaa yaliyofunikwa na majivu: moto hauonekani, lakini mkono ukiingia huungua. Mara tu baada ya kuzimwa, joto linalobaki ni kama sehemu 7 katika 100 za joto la kwanza. Baada ya siku moja hushuka chini ya sehemu 1 katika 100. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini tanuru moja kubwa hutoa joto la kilowati milioni 3. Hata sehemu moja katika 200 ya joto hilo ni kilowati 15,000, yaani kama majiko ya umeme 15,000 ya kilowati moja moja yanayowaka ndani ya chungu kimoja kilichofunikwa.

Kwa hiyo hapana budi maji yapite juu ya urani hiyo mchana na usiku, hata kituo kikiwa kimezimwa. Maji husukumwa na pampu, na pampu huendeshwa kwa umeme. Basi kituo kinachotoa umeme kwa nchi nzima chahitaji umeme kutoka nje ili kiwe salama. Mambo hayo yalionekana wazi huko Fukushima, nchi ya Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko la nchi lilikata nyaya za umeme; kisha mawimbi ya bahari yakafunika jenereta za akiba. Pampu zikasimama, na urani katika matanuru matatu ikayeyuka, ingawa matanuru hayo yalikuwa yamekwisha kuzimwa.

Kituo kilichotekwa vitani

Kabla ya vita Ukraine ilikuwa na vituo vinne vya atomu vyenye matanuru 15, navyo vilitoa karibu nusu ya umeme wa nchi. Kikubwa kuliko vyote, tena kikubwa kuliko vyote katika Ulaya, ni kituo cha Zaporizhzhia chenye matanuru 6. Majeshi ya Urusi yalikiteka tarehe 4 Machi 2022. Kabla ya hapo, siku ileile vita vilipoanza, yalikuwa yamekwisha kukalia Chernobyl, mahali palipotokea msiba mkubwa wa tarehe 26 Aprili 1986. Yakaondoka huko mwisho wa Machi.

Tangu Septemba 2022 matanuru yote 6 ya Zaporizhzhia hayatoi umeme kwa nchi. Hata hivyo hatari haikuisha, kwa sababu iliyoelezwa juu. Kabla ya vita kituo kilikuwa na nyaya nne kubwa za umeme, pamoja na nyingine ndogo za akiba. Nyaya hizo zimekatwa mara kwa mara na makombora. Kufikia mwezi wa Oktoba 2025 kituo kilikuwa kimekosa umeme wote wa nje mara 10, na kila mara kiliokolewa na jenereta za dizeli. Mara ya kumi ilichukua muda wa mwezi mzima, kuanzia tarehe 23 Septemba hadi 23 Oktoba 2025. Mafundi waliweza kutengeneza nyaya baada ya pande zote mbili kukubali kuacha kupigana mahali pale tu, kwa maombi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, ambalo maofisa wake wamekaa kituoni tangu Septemba 2022.

Maji nayo yalipatwa na balaa. Tarehe 6 Juni 2023 boma la Kakhovka katika mto Dnipro lilibomoka, na ziwa lililokuwa likikipa kituo maji likakauka. Ikawa lazima kuchimba visima ili kupata maji ya kupozea. Mambo haya yana fundisho kubwa: adui hahitaji kupiga tanuru lenyewe. Akikata waya na maji, amekwisha kulitia hatarini.

Sheria ya vita ipo. Mapatano ya nyongeza ya Geneva ya mwaka 1977 yakataza kushambulia mabwawa na vituo vya atomu ikiwa shambulio hilo laweza kuleta maafa makubwa kwa raia. Lakini sheria hiyo ina milango yake ya kutokea, na maandishi peke yake hayazuii kombora.

Ulaya yatafuta moto wa pili

Vita vilionyesha pia udhaifu wa namna nyingine. Kwa miaka mingi Ujerumani ilinunua gesi ya bei nafuu kutoka Urusi, hata kabla ya vita zaidi ya nusu ya gesi yake ilitoka huko. Mwaka 2022 Urusi ilipunguza gesi hiyo, kisha ikaifunga. Na tarehe 26 Septemba mabomba ya Nord Stream, yapitayo chini ya bahari ya Baltic, yakapasuliwa kwa baruti. Ujerumani ikajenga upesi gati la kupokelea gesi ya meli huko Wilhelmshaven, lililoanza kazi Desemba 2022, na mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imewekwa kando ikawashwa tena. Vituo vyake vitatu vya mwisho vya atomu, vilivyokuwa vifungwe mwisho wa mwaka 2022, viliendeshwa hadi tarehe 15 Aprili 2023.

Jirani yake, Ufaransa, ina matanuru zaidi ya 50, na wengi walidhani haitakuwa na taabu. Lakini mwaka 2022 karibu nusu ya matanuru hayo yalisimama kwa wakati mmoja, mengine kwa matengenezo ya kawaida, mengine kwa sababu mabomba yalionekana kuwa na nyufa. Ufaransa, iliyozoea kuwauzia majirani umeme, mwaka ule ilinunua mwingi kuliko iliouza.

Njaa hiyo ya Ulaya ilifika hata Afrika ya Mashariki. Mwaka 2022 makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma, Tanzania, yalichukuliwa kwa malori mamia ya kilometa hadi bandari ya Mtwara, yakapakiwa melini kwenda ng'ambo, nchi za Ulaya zikiwa miongoni mwa wanunuzi. Tajiri akihangaika sokoni, bei hupanda kwa wote. Ndiyo njia ambayo vita vya Ukraine vilipitia hadi duka la mafuta la Kiandutu.

Hali ya Kenya

Wilaya za Thika zilijua umeme zamani. Kituo cha Ndula, katika mto Thika, kilijengwa katika miaka ya 1920, nacho kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya umeme wa maji katika Kenya. Baadaye umeme ulitoka mbali zaidi: kutoka Jinja, Uganda, ambako kituo cha Owen Falls kilifunguliwa mwaka 1954, kutoka Kindaruma katika mto Tana tangu mwaka 1968, na kutoka mvuke wa ardhini huko Olkaria tangu mwaka 1981. Upepo wa Turkana na umeme wa Ethiopia vimeongezwa katika miaka ya karibuni. Hivi leo karibu sehemu 9 katika 10 za umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, vitu ambavyo vita vya Ulaya haviwezi kuvifungia bomba.

Sehemu iliyobaki ndiyo yenye mzigo. Mjini Thika kwenyewe pana kituo cha kilowati 87,000 kinachochoma mafuta mazito. Mafuta yakipanda bei ulimwenguni, gharama ya mafuta huongezwa katika malipo ya kila mtumiaji wa umeme.

Tena wingi wa umeme si kinga kamili. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na watu wakakaa gizani saa nyingi. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta za akiba hazikuwaka upesi kama ilivyotakiwa, hata abiria wakaketi gizani. Uwanja wa ndege waweza kungoja fundi. Tanuru la atomu haliwezi.

Mpango wa kituo cha atomu

Serikali ya Kenya imetangaza nia ya kujenga kituo cha kwanza cha atomu cha kilowati milioni 1, ujenzi uanze mwaka 2027 na umeme upatikane mwaka 2034. Mahali palipotajwa kwanza ni Uyombo, pwani ya Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko Sokoke na hori ya Mida. Wenyeji wengi walikataa, wakihofia uvuvi wao, ardhi yao na kazi za wageni wa matembezi. Mwezi wa Mei 2024 polisi waliyatawanya maandamano yao. Mwaka 2025 jimbo la Siaya, kando ya Ziwa Victoria, lilianza kutajwa zaidi.

Wanaoutetea mpango husema kwamba viwanda vinahitaji umeme usiotegemea mvua, na kwamba urani kidogo hutosha kwa muda mrefu. Hayo ni kweli. Lakini yako mambo matatu ya kupimwa. La kwanza ni ukubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 umeme uliotumika Kenya katika saa ya matumizi makubwa ulipita kidogo kilowati milioni 2.3. Tanuru moja la kilowati milioni 1 lingebeba karibu sehemu 4 katika 10 za mzigo huo. Siku lizimikapo ghafula, nini kitashika mahali pake? La pili ni akiba: nyaya ngapi, jenereta ngapi, na maji kutoka wapi ikiwa chanzo cha kwanza kimekauka? La tatu ni ulinzi. Hata Afrika jambo hilo si geni, maana mwezi wa Desemba 1982 kituo cha Koeberg, Afrika ya Kusini, kilitegwa mabomu kabla hakijaanza kutoa umeme.

Ulaya haikukosa mitambo mikubwa, wala mafundi, wala fedha. Ilikosa njia ya pili. Nchi iliyo salama katika nguvu zake ni ile ambayo waya mmoja ukikatika upo mwingine, na muuzaji mmoja akifunga mlango pana mlango mwingine uliokwisha kujaribiwa.

Maswali ya kuzungumzwa katika baraza na vyama vya kusoma

1. Kwa nini tanuru la atomu huhitaji umeme na maji hata baada ya kuzimwa?

2. Eleza jinsi vita vya Ukraine vilivyoweza kugusa bei ya mafuta ya taa katika Thika.

3. Ufaransa ilikuwa na matanuru mengi, na Ujerumani ilikuwa na gesi nyingi. Kila nchi ilipungukiwa na nini mwaka 2022?

4. Kama kituo cha atomu kingejengwa karibu na kijiji chenu, ni maswali gani matatu mngetaka yajibiwe kwanza, na nani apaswaye kuyajibu mbele ya watu?