SOMO: UMEME KATIKA BOMBA LA MAJI

Siku hizi hapa Mikese zipo nyumba zenye umeme, maji ya bomba na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Hita ni msaada, hasa kwa wazee na wagonjwa. Lakini isipofungwa vizuri, inaweza kuua.

Hatari yatoka wapi?

Ndani ya hita mna koili. Koili hupata moto kwa nguvu ya umeme na kuchemsha maji. Ikizeeka, hupasuka. Hapo umeme huingia katika maji na katika pipa la hita. Kisha hufuata mabomba ya chuma mpaka kwenye koki. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Umeme unaowasha balbu moja ya wati 60 watosha kumwua mtu aliyelowa maji.

Maji na umeme

Maji hushuka kutoka milima ya Uluguru kwa sababu huko ni juu na huku ni chini. Mahali palipo sawasawa, maji hutulia. Umeme nao ni hivyo. Ukishika bomba lenye umeme na jingine lisilo na umeme, mwili wako huwa njia. Mabomba yote mawili yakiwa na nguvu sawa, umeme haupiti kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kazi ya fundi

Kwanza, fundi huunganisha hita na waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na manjano. Umeme ukivuja hupita humo, na swichi ya usalama hujikata. Pili, hufunga waya wa shaba kutoka bomba la maji baridi hadi bomba la maji moto, na kuuunganisha na ethi. Hivyo mabomba yote huwa na nguvu sawa.

Jihadhari na plastiki

Plastiki haipitishi umeme kama chuma. Ukikata bomba bovu la chuma na kuweka kipande cha plastiki, umekata pia njia ya ethi. Koki iliyokuwa salama jana, leo yaweza kuwa hatari. Mwite fundi umeme akague. Hata mabomba yote yakiwa ya plastiki, hita yenyewe lazima iwe na ethi.

Mambo ya kukumbuka

1. Usifunge hita mwenyewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.
2. Ukisikia ganzi unaposhika koki, iache, zima swichi kuu, na usiitumie hita mpaka fundi aitengeneze.
3. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

Maswali

1. Umeme hufikaje kwenye koki?
2. Kwa nini mabomba mawili huunganishwa kwa waya?
3. Nyumbani kwako, au kwa jirani, kuna bomba la chuma lililotiwa kipande cha plastiki? Mtafanya nini?