Ndege wa Nyarutarama bila kamera ya bei

SWALI: Mtaalamu, naishi Nyarutarama, Kigali. Natamani kuanza kutazama ndege na kuandika habari zao, ila sina kamera. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na daftari na kalamu. Kamera inaweza kusubiri, na hata darubini ndogo utaitafuta baadaye. Nenda kwenye ziwa dogo lililo jirani na uwanja wa gofu, alfajiri, ukae mahali pamoja. Mtafute mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe: husimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitosa majini. Kisha tazama miti ya mnana. Dume ndiye mfumaji, jike huja kukagua, na kiota kikikataliwa dume hukibomoa mwenyewe akaanza upya. Hapo pana habari ya kuandika mwezi mzima!

Andika tarehe, saa, hali ya hewa na ndege alichokuwa akifanya. Jina utalijua baadaye. Kati ya Oktoba na Aprili uwaangalie mbayuwayu waliotoka Ulaya. Ukizoea, nenda bustani ya Nyandungu, kinamasi kilichofufuliwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022. Orodha zako zipeleke eBird, hazina ya bure ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, ambayo watafiti wamekuwa wakiitumia tangu 2002.

Nakuomba jambo moja: usikubali kuuziwa korongo taji wa kupamba ua. Ukitaka kumwona karibu, nenda Umusambi Village, wanakotunzwa wale waliolemazwa na utumwa huo.