Breki Isiyo na Jina: Ikague Kabla Hujatoa Pesa

Mji wetu wa DeSoto haumo katika mtandao wa mabasi wa DART. Kwa hiyo wengi wenu, kabla ya kupata leseni na gari, mnakwenda kazini kwa baiskeli ya mitumba iliyonunuliwa Jumamosi nje ya gereji ya mtu. Ile ya mbio, yenye usukani uliopinda na tairi nyembamba, huvutia kwa kuwa ni nyepesi na ina mwendo. Lakini mwendo huo lazima usimame kwenye taa za Hampton na Belt Line, malori yakiwa ubavuni. Na mara nyingi breki zake hazina jina: limefutika, au halikuwapo tangu mwanzo. Wauzaji wa Jumamosi ni watu wakarimu, lakini wengi hawajaipanda baiskeli hiyo tangu watoto wao walipohama nyumbani. Usiwaulize wao. Iulize breki yenyewe.

Inama uitazame kutoka mbele. Utaona mikono miwili ya chuma inayokumbatia tairi. Kama mikono yote miwili inazunguka kwenye bolti moja tu, ile ya katikati inayoingia kwenye foko, hiyo ni breki ya mtindo wa zamani. Kama mkono mmoja una bolti yake ya pili pembeni, na breki inaonekana kama imeelemea upande mmoja, hiyo ni ya mtindo ulioenea kuanzia miaka ya 1990. Kwa nguvu ileile ya vidole, hii ya pili hukamata zaidi. Ipo pia ya tatu: waya unashuka katikati na kuvuta waya mwingine mfupi unaounganisha mikono yote miwili kwa juu. Ni ya miaka mingi, ila ikitunzwa si mbaya.

Sasa toa sumaku mfukoni, hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji. Ikinasa kwenye mikono ya breki, ni chuma cha kawaida kilichokatwa kwenye bamba na kukunjwa. Hiyo ni daraja la chini, na ukiiminya kwa nguvu utaiona ikijipinda badala ya kubana. Isiponasa, ni aluminiamu. Peleka sumaku hiyohiyo kwenye rimu pia. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Rimu ya chuma inayong'aa kama kioo hukamatwa vizuri siku ya jua, lakini ikilowa, breki hata iwe nzuri kiasi gani huteleza tu. Mvua za radi za Aprili na Mei mtazijua wenyewe. Rimu ikinasa sumaku, mimi ningeiacha baiskeli hiyo hapo ilipo.

Pitisha kidole nyuma ya mikono ya breki, upande unaotazama foko. Shimano huandika namba yake huko, ikianza na BR, hata kama jina la mbele limefutika. Ikiwa ni BR na tarakimu nne bila herufi nyingine, tarakimu ya kwanza inakupa daraja: 2 na 3 ni za chini ila zinafanya kazi, 4 ni ya kati, 5 na 6 ni nzuri, 7 na 9 ni za juu kabisa. Kwenye breki za zamani za Weinmann, namba kama 500 au 750 inahusu ukubwa, si ubora. Usilipie zaidi kwa sababu yake.

Ukikosa namba, tazama kazi ya fundi aliyeitengeneza. Breki nzuri ina kiwiko kidogo cha kuilegeza ili gurudumu litoke, skrubu ya kuiweka katikati, na raba zinazochomolewa kwenye vikombe vyake zikiisha. Minya kishikio kisha achia: mikono irudi mara moja, yote miwili kwa pamoja. Shika breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga, kuna kitu kimelegea, ama bolti ya breki ama shingo ya foko.

Raba ngumu kama jiwe na waya uliochanika si sababu ya kukataa. Ni vitu vya bei ndogo, na raba mpya huweza kuibadilisha breki ya kati kuliko mnavyofikiri.

Jambo moja ni la hatari kwa tuliozoea baiskeli nyeusi za Kiingereza za kwetu, zile za kubebea mkaa na ndizi. Kwenye hizo, mkono wa kulia kwa kawaida ni breki ya mbele. Hapa Marekani wa kulia ni breki ya nyuma, na wa kushoto ndio wa mbele. Ukiminya wa kushoto kwa nguvu ukidhani ni wa nyuma, utarushwa juu ya usukani. Jaribu polepole kwanza uwanjani, mara nyingi, mpaka mikono yenyewe ijue.

Sheria ya Texas inadai breki inayoweza kufanya gurudumu liburuzike kwenye lami kavu, safi na tambarare. Jaribuni hivyo na breki ya nyuma, mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa. Kwa wanaotoka zamu ya usiku, sheria hiyohiyo inataka taa nyeupe mbele inayoonekana kwa futi 500, na nyuma taa nyekundu au kiakisi chekundu. Mwenye baiskeli tayari na ana wasiwasi nayo, aje nayo ofisini siku ya miadi yake. Sumaku iko kwenye droo yangu.